Kurasa Tulizozikata

Siku ya nne baada ya kumzika Dk. Projesti, mhadhiri mmoja kijana anayeitwa Deo alinitumia kwa simu kurasa tisa za historia ya jarida letu, akaniomba nizipitie. "Kwa haraka tu, Mama," aliandika, "ni za kitabu cha kumbukumbu ya marehemu." Mimi si mtu wa kupitia kitu kwa haraka. Nilikuwa nahariri maandishi ya watu kabla yeye hajazaliwa, na tangu nistaafu hakuna kinachonikimbiza isipokuwa presha. Nikachukua miwani, nikakaa kibarazani kwangu Buzuruga, nikasoma. Ni kazi safi. Ameyapanga matoleo yote kwa mfuatano, amewataja waliochangia, ameeleza vizuri jinsi jarida dogo la taaluma ya dini lililoanzia vyumba viwili vya kupanga mjini Mwanza lilivyofika kusomwa kwenye vyuo vya mbali. Kisha, ukurasa wa sita, nikakutana na maneno kwamba mhariri, kwa kuhofia hasira ya maaskofu, alizikata kwa wembe kurasa za toleo lililokwisha kuchapwa, na kwamba tangu hapo jarida likapoteza ujasiri wake. Nikavua miwani. Nilichohisi kilikuwa aibu, wala si hasira, na nalisema hilo mapema ili msomaji asije akanipa heshima nisiyostahili.

Maana wembe mmojawapo niliushika mimi. Kurasa zile niliziandika mimi. Na Dk. Projesti hakuwa anamwogopa askofu yeyote. Alisoma seminari miaka minane na aliwajua wengine wao tangu wakiwa wanaibiana sabuni bwenini. Sababu ya kurasa kukatwa ilikuwa uongo, na uongo huo ulikuwa wangu. Nitasimulia mwaka ule mmoja tu. Nilikozaliwa na wazazi wangu walikuwa nani haviongezi kitu hapa, isipokuwa hiki kimoja: Kisukuma ndiyo lugha niliyokua nayo, na katika ofisi ile niliamini ni mimi peke yangu niliyekijua.

Ofisi ilikuwa juu ya duka la vitenge, katika jengo la zamani la Kihindi lenye ngazi za mbao zilizolika katikati. Chumba cha mbele kilikuwa na meza mbili, kabati la vioo lenye matoleo yetu, na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kilichotumwa na mke wa Dk. Projesti, Mama Koku. Chumba cha nyuma kilikuwa cha Dk. Projesti, kimetengwa na cha mbele kwa plaiwudi nyembamba kiasi kwamba akigeuza ukurasa tulimsikia. Kutoka dirishani kwake uliona mabati, halafu mawe makubwa, halafu ziwa, ambalo miezi mingine lilikuwa kijani kwa magugu maji mpaka ukadhani unaweza kutembea juu yake kwa miguu. Saa saba kamili Mama Koku alileta chakula kwenye hotipoti: ndizi na maharage mara nyingi, samaki siku za Ijumaa, na kwenye msimu wake senene waliokaangwa, ambao Dk. Projesti aliwahesabu kwa macho kabla ya kutukaribisha. Tulikula meza ikiwa imefunikwa kwa kitambaa. Alisema mtu anayekula juu ya makaratasi ataandika kwa mikono ya mafuta.

Tulikuwa watatu. Dk. Projesti alikuwa mhariri, Mhaya mrefu wa tai nyembamba, mtu wa fomu na mafaili. Mimi, nikiwa na miaka ishirini na minne, nilikuwa mhariri msaidizi, ingawa cheo hicho kilikuwa kikubwa kuliko mimi. Wa tatu alikuwa Maalim Seifu, aliyekuwa akifundisha madrasa asubuhi na kutusomea prufu, kurasa za majaribio, mchana kwa kalamu nyekundu. Familia yake ilikuwa ya mjini ya mchanganyiko, Mmanyema huku na Mwarabu kule, na alivaa kofia iliyonyooka kama ametoka dukani nayo leo. Jarida liliitwa Misahafu na Mizimu. Jina hilo lilitupa maadui bure. Padri mmoja alikuwa akiturudishia kila nakala bila kuifungua, na mhubiri mmoja wa Igoma alisema madhabahuni kwamba tunauza mashetani kwa posta. Ndiyo sababu baadaye ilikuwa rahisi kwa kila mtu kuamini habari ya maaskofu.

Kitu kilichotutofautisha na majarida mengine tulikiita kusomewa. Kilizaliwa katika ubishi niliousikia kupitia plaiwudi ile wiki yangu ya kwanza. Dk. Projesti alikuwa amepata makala yenye dua ya mzee mmoja wa Ukerewe, na alitaka kuichapa. "Ni nyaraka muhimu," alisema. Maalim akajibu, "Dua ya mtu si nyaraka, Daktari. Kwetu mwanafunzi haondoki na kitabu cha mwalimu mpaka amemsomea mwalimu kitabu hichohicho, neno kwa neno, na mwalimu akasema naam, umepokea. Wewe huyo mzee umemsomea?" Halafu nikasikia droo ikifunguliwa, nikajua fomu inatengenezwa. Kuanzia siku ile, makala yoyote yenye maneno ya mtu aliyehojiwa ilisomwa mbele yake, kwa lugha yake, kabla ya kwenda kiwandani kuchapwa. Fomu ilikuwa na visanduku vitatu: ameridhia, ameridhia kwa masharti, hakuridhia. Chini yake palikuwa na mistari ya kuandika masharti. Aliyesoma ndiye aliyesaini. Aliyesomewa hakusaini, kwa sababu Dk. Projesti aliona ni kumdhalilisha mzee kumshika dole gumba na kulibandika kwenye wino kama mtuhumiwa. Na sheria ya mwisho ilikuwa kwamba mwandishi hasomi makala yake mwenyewe. Husomwa na mwingine. Sheria nzuri, na ilifuatwa mpaka ilipofika zamu yangu.

Makala yangu ilihusu mila za mapacha katika ukoo mmoja wa Kisesa. Aliyenipa habari alikuwa bibi mmoja ambaye wote walimwita Ng'wana Lushinge, yaani mtoto wa Lushinge, kama tunavyowaita kina mama kwa majina ya baba zao. Nilimwendea mara sita mwaka ule, kuanzia masika. Alikuwa mfupi, mcheshi, na mkali kwa mtu anayekataa chakula. Alinipa matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, yaliyochemshwa tena na karanga, na maziwa mgando katika kibuyu, na alinitazama mpaka nimalize. Nyimbo za mapacha ni za matusi, watu wote wa kwetu wanajua, na aliniimbia zote bila haya huku wajukuu wakicheka nje. Lakini palikuwa na jambo la ndani zaidi. Pacha mmoja akifa, katika ukoo wao husemwa maneno fulani kaburini kumuaga yeye na kumtuliza aliyebaki. Maneno hayo huwa na nusu mbili, na kila nusu hushikwa na mwanamke mmoja. Hakuna kinywa kimoja kinachosema zote. Mwenzake Ng'wana Lushinge alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na binti wa marehemu, Kabula, aliyeolewa upande wa Geita, alikuwa bado hajapokea nusu ya mama yake. Siku ya nne ya mazungumzo yetu bibi aliniambia nusu zote mbili, mfululizo, akitazama mlango. Niliandika haraka mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Maneno yenyewe sitayaandika hapa.

Mwezi wa sita makala ilikuwa tayari, na toleo lilikuwa linasubiriwa. Wasomi walikuwa wanakuja Mwanza kwa mkutano, kutoka Nairobi, Kampala na Ulaya, na mmoja wao alikuwa na nafasi moja ya masomo ya juu ya kumpa mtu wa nchi zetu hizi. Dk. Projesti hakuficha. "Binti, wakiikuta makala yako imechapwa, nafasi ni yako. Wakiikuta kwenye faili, ni ya mtu wa Kampala." Ikabaki kusomewa. Yeye hakujua Kisukuma zaidi ya salamu, na Maalim tulidhani vilevile. Walitafuta mwalimu mmoja wa kusoma, akaugua. Ndipo Dk. Projesti akasema, kwa shingo upande, "Nenda mwenyewe. Mara hii moja." Maalim alikuwa anasahihisha prufu. Aliinua kichwa, akakirudisha.

Nyumba ya bibi ilikuwa imejaa pamba siku ile. Ilikuwa imevunwa na kurundikwa chumbani ikingoja kuuzwa, kwa hiyo tulikaa tumebanwa ukutani, miguu imenyooshwa, pamba ikitugusa mabegani. Nilimsomea makala yote kwa Kisukuma. Alicheka nilipofika kwenye nyimbo, akanisahihisha jina la mto, akataka nirudie sehemu inayomtaja baba yake. Nilipofika kaburini akanyanyua mkono.

"Hapo simama."

"Pana kosa, Bibi?"

"Kosa hakuna. Umeandika nilivyosema. Lakini hayo yangoje. Nusu yangu naweza kumpa ninayemtaka. Hiyo nyingine ni ya Kabula, na Kabula hajaipata. Mvua zikianza atakuja, nitampa. Akishakuwa nayo, nyinyi chapeni mpaka mchoke."

"Mbona ulinipa zote?"

"Nilikuwa na msiba," akasema. "Mwenye msiba anaongea. Wewe ulikuwa umekaa hapo."

Nikamwambia nimeelewa. Akanifungia karanga kwenye kitambaa, akanisindikiza mpaka kwenye njia. Fomu niliijaza barabarani, nimeiegemeza kwenye ukuta wa duka la soda, malori ya pamba yakinipita. Kisanduku cha pili kilikuwapo pale, na mistari yake mitupu chini. Ningeandika maneno manne tu: ngojeni mvua za kwanza. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama nilisita, kwa sababu kusita kungenipa sura nzuri kidogo. Sikumbuki kusita. Nakumbuka nilikuwa na kiu. Nikaweka alama kwenye kisanduku cha kwanza, nikasaini, nikanywa soda.

Toleo likatoka. Wageni wakaja, wakala sangara na Dk. Projesti akawaeleza habari ya kusomewa mpaka mmoja akaandika kwenye daftari lake. Yule mwenye nafasi ya masomo aliniita pembeni, akaniambia makala yangu imemfikisha mahali ambapo hajawahi kufikishwa. Nilifurahi. Sitajidai kwamba furaha ile iliharibika. Ilikuwa tamu na ilidumu karibu miezi miwili. Barua ya kunikubali ilikuja kabla ya mwezi wa tisa, nikaiweka kwenye droo yangu, na kila nilipobaki peke yangu ofisini niliifungua kuitazama.

Nakala moja ilifika Kisesa. Mwalimu mkuu wa shule ya pale alijivuna kwamba bibi wa kijiji chao ameandikwa na wasomi, na kwenye kikao cha wazazi akasimama, akaisoma makala kwa sauti, akiitafsiri kwa Kisukuma kwa wasiojua Kiswahili cha vitabuni. Alikuwa na nia njema kabisa. Aliyasoma maneno ya kaburini nusu zote mbili, kinywa kimoja, cha mwanamume, saa nne asubuhi, watoto wakicheza mpira nje. Kabula alikuwa amekuja kusalimia kwao wiki ile, na alikuwa kwenye benchi la tatu. Mvua zilipokaribia, bibi alipomtumia ujumbe aje apokee, alijibu kwamba hana cha kupokea, kwa kuwa cha mama yake kimeshagawiwa kwa wote.

Ng'wana Lushinge alikuja ofisini mwenyewe. Alipanda zile ngazi taratibu, kidato kwa kidato, na nilimtambua kwa kikohozi kabla sijamwona. Alikuwa amevaa kitenge kipya na viatu vya kuazima. Dk. Projesti alisimama, akamwamkia, "Shikamoo, Bibi." Akajibu, "Marahaba," neno alilolijua, akakaa, akakataa soda. Maalim alikuwa mezani kwake na prufu. Mimi nilisimama katikati, kwa sababu ndiyo kazi yangu ilikuwa: kutafsiri.

Bibi aliongea bila kupandisha sauti. Alieleza habari ya mwalimu mkuu, habari ya Kabula, na kwamba sasa akifa, nusu zote mbili zinakufa naye ingawa zimeandikwa. Hayo nilimtafsiria Dk. Projesti sawasawa. Kisha akasema, "Mwambie mkubwa wako nilikuambia mngoje."

Dk. Projesti alikuwa ananitazama mimi, si yeye. Alikuwa na fomu mkononi, ameitoa kwenye faili.

"Anasema amefikiri upya," nikasema. "Sasa anaona yale ya kaburini hayakufaa kutoka."

"Umemwambia?" bibi akaniuliza.

"Nimemwambia."

Bibi yule alikuwa na Kiswahili cha sokoni, cha bei na salamu, na mpaka leo sijui alielewa kiasi gani. Dk. Projesti akaitazama fomu, akaitazama saini yangu, akairudisha kwenye faili polepole. Akaniambia nimwambie bibi kwamba neno ni lake hata baada ya kuchapwa, na kwamba atalitoa. Nikatafsiri hilo kwa ukamilifu mkubwa. Bibi akasema, "Litatokaje? Mtawatoa watu masikio?" Hilo nalo nikalitafsiri. Dk. Projesti akainama.

Alipoinuka kuondoka, Maalim Seifu aliweka kalamu chini, akamfungulia mlango, akamshika mkono kwenye ngazi ya kwanza, akamuaga. Alimuaga kwa Kisukuma. Si Kisukuma cha salamu. Kilikuwa Kisukuma cha mtu aliyekua nacho, kirefu, chenye kumpa pole kwa jina la baba yake. Baadaye nilijua kwamba alikulia Magu nyuma ya duka la nguo la baba yake, akicheza na watoto wa wateja. Hatukuwahi kumuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kujitangaza. Nilishika ukingo wa meza. Aliporudi alikaa, akachukua kalamu nyekundu, akaendelea pale alipoachia.

Nilingoja aseme siku ile, na kesho yake. Siku ya tatu, tukiwa wawili tu, tunakunywa chai ya tangawizi kwenye vikombe vya bati, nikashindwa. "Maalim, ulisikia."

"Nilisikia."

"Utamwambia Daktari?"

Akapuliza chai. "Nikilisema mimi ni umbea, mwanangu. Ukilisema wewe ni toba. Mimi sitakuibia."

Miaka mingi nilimchukia kwa jibu lile, na bado sijamsamehe vizuri. Lilikuwa jibu la mtu mwema, na liliniacha nifanye nilivyotaka. Alifariki miaka kumi na kitu baadaye bila kulisema kwa yeyote.

Tukakata. Ilichukua siku tatu, toka asubuhi hadi jioni, sisi watatu mezani na nyembe, tukifungua nakala zilizobaki moja baada ya nyingine, tukiweka rula ya chuma kwenye mshono na kuvuta. Waliokwisha kupokea zao waliandikiwa barua ya kuomba wakate wenyewe. Wengi hawakukata, bila shaka, na ya yule mgeni wa masomo ilikuwa imeshavuka bahari. Mama Koku alileta ndizi, akatukuta hatujafunika meza kwa kitambaa, akashangaa. Nilikuwa nakata jina langu kila mara, maana lilikuwa juu ya ukurasa wa kwanza wa makala. Siku ya tatu Dk. Projesti alisimamisha wembe wake, akasema maneno ambayo yalibadilisha jarida lile kuliko askofu yeyote angeweza.

"Kosa si la bibi," alisema. "Ni letu. Tulidhani mtu akisomewa akaridhia, basi ameridhia. Kumbe leo anakubali, kesho anakataa, na hakuna fomu ya kulizuia hilo. Hatuwezi kujenga taaluma juu ya kitu kinachoyumba. Kuanzia toleo lijalo hatuchapi tena cha kusimuliwa. Tutachapa cha vitabuni."

Maalim alinitazama. Alinitazama waziwazi, kwa muda, na alikuwa ananipa nafasi. Barua yangu ilikuwa kwenye droo, karibu na goti langu. Nikachukua nakala nyingine, nikaweka rula.

Nikaondoka Januari kwenda kusoma. Jarida liliendelea miaka kadhaa, likichapa makala za watu wa mbali juu ya vitabu vya watu wa mbali zaidi, na wasomaji wake wakapungua mpaka likafa kimya. Ng'wana Lushinge alifariki nikiwa masomoni. Kabula nilimtafuta nilipokuwa mtu mzima, nikamweleza yote. Alinipikia, akanisikiliza, akasema alijua tangu mwanzo, kwa sababu bibi hakuwa mtu wa kubadilibadilisha, na kwamba hana la zaidi la kuzungumza nami. Kwa hiyo watu wa Kisesa walijua ukweli bila msaada wangu. Aliyedanganyika alikuwa Dk. Projesti, na kwake sikuwahi kwenda. Tulikutana kwenye harusi na misiba, akinitambulisha kwa fahari kuwa ni matunda ya jarida lake, na mimi nikitabasamu. Naandika hivyo kwa utulivu, lakini si jambo la utulivu. Nilimpenda mzee yule, na nilimwachia jina la woga abebe kwa niaba yangu.

Baada ya kusoma kurasa za Deo nilimpigia simu, akaja. Nilimwambia yote niliyoyaandika hapa. Alisikiliza kwa adabu, akafungua kompyuta yake, akanionyesha picha ya fomu aliyoikuta kwenye mafaili ya marehemu.

"Tatizo ni hili, Mama," akasema. "Karatasi inasema aliridhia. Na imesainiwa."

"Imesainiwa na nani?"

Akasoma saini, akasoma tena. "Na wewe."

"Basi nakuambia mimi niliyesaini."

"Nakuelewa, Mama, na pole. Ila hii ni nyaraka ya wakati ule. Haya unayoniambia leo ni masimulizi ya mdomo, baada ya miaka mingi. Nikiweka kwenye historia watauliza kwa nini mtu amebadilisha kauli." Alijikuna shingo. "Labda kwenye tanbihi."

Sikumlaumu. Alikuwa anafanya kazi kwa namna ile ile Dk. Projesti aliyotuachia, na aliyetufikisha huko ni mimi. Nikamwambia aache kurasa zake kama zilivyo mpaka nimwone mwenye msiba.

Mama Koku anaishi Kiseke, nyumba yenye migomba michache nyuma ambayo haijawahi kuzaa kama ya kwao. Watu wa matanga walikuwa wameshatawanyika. Nilimkuta jikoni nje, anamenya ndizi, kisu kikipita chini ya ganda bila yeye kukitazama. Nikachukua kigoda, nikachukua kisu kingine, nikamweleza tukiwa tunamenya. Nilieleza vibaya, kwa kurudi nyuma, kwa kujieleza sana. Alimenya mpaka beseni likajaa. Kisha akanawa mikono.

"Mwaka huu wa mwisho," akasema, "alipokuwa anachanganya majina ya watoto, alikuwa ananisomea vitu. Chochote. Karatasi ya dawa, tangazo la maji. Akimaliza ananiuliza, 'Umeridhia?' Nikisema ndiyo, ananitazama kwa huruma, ananiambia, 'Utabadilisha.' Kila siku, Leokadia. Nilidhani ni ugonjwa."

Nililia, na yeye hakunizuia wala hakunifuata.

Nilimwambia nitaandika, kwa jina langu, na Deo akitaka aweke, asipotaka nitayaweka mwenyewe mahali pengine. Lakini aliyekufa ni mume wake, na maneno haya yanamhusu yeye, kwa hiyo hayatatoka kabla hajasomewa. Akasema sawa. Nikaja nyumbani, nikaandika siku nane. Jana nilirudi Kiseke na karatasi hizi, nikamsomea tangu mwanzo, sebuleni, chini ya picha ya marehemu iliyokuwa bado na utepe mweusi. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza nikaweka karatasi magotini, nikamuuliza kama ameridhia.

"Bado," akasema. "Rudia pale bibi aliposema mngoje, na wewe ulivyomwambia mume wangu."

Nikarudia, kwa sauti ya chini.

"Kwa sauti," akasema. "Tena."